Pasipoti ya Bebis

Jumapili, 12 Januari

Ukungu haujaondoka hapa mjini Serres tangu Krismasi. Tumetoka kula kwa wakwe. Kuku yule yule, viazi vile vile, swali lile lile. Mama mkwe wangu, Polyxeni, alingoja nijaze mdomo ndipo akaniuliza, "Haya, huyu mtoto tunambatiza lini? Na tutamwita nani?" kana kwamba hajui anachotaka. Thrasos, mume wangu, akaitazama sahani yake. Mzee Lazaros, baba mkwe, akaongeza sauti ya redio.

Kwetu mtoto hana jina mpaka maji ya ubatizo yamguse, na kulitaja kabla ya hapo ni kujitafutia mkosi. Kwa hiyo mwanangu wa kiume, aliyezaliwa Oktoba, anaitwa Bebis, kama wavulana wote wanaongoja zamu yao. Mkwe anataka Lazaros, kwa kuwa mwana wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba. Binti yetu mkubwa, Xeni, kifupi cha Polyxeni, miaka sita, ana jina la mkwe, na Melpo, miaka mitatu, ana jina la mama yangu. Kila kitu kimekwenda kwa desturi. Sasa mimi ndiye ninayeharibu, kwa sababu nataka Anestis, jina la baba yangu, aliyefariki Machi mwaka jana. Nilikuwa mtoto wake pekee. Nisipolirithisha mimi jina hilo, hakuna mwingine.

Kwa desturi mkwe ana haki. Moyoni mwangu hana hata chembe.

Alhamisi, 16 Januari

Thrasos amebandika ramani ukutani jikoni, juu ya friji, mahali ambapo Melpo hafiki. Ameichoma pini sita: Sofia, Belgrade, Budapest, Vienna, Salzburg, Munich. Ndiyo njia ya baba. Aliendesha basi la abiria kutoka hapa kwetu mpaka Munich miaka karibu thelathini, akiwapeleka vijana wa huku kwenye viwanda vya Wajerumani na kuwarudisha Pasaka na Agosti. Kila aliporudi alinikalisha mapajani akaniahidi, "Evdokia, ukikua utakaa kiti cha mbele, nitakuonyesha yote." Nikakua. Kwanza kulikuwa na shule, kisha akastaafu, kisha magoti, kisha moyo.

Mazishini nilimwambia Thrasos kwamba nitaipita njia ile na watoto wangu, hata kama ni kwa kutambaa. Hakubisha. Yeye ni fundi umeme wa manispaa na likizo yake ni ya nusu ya pili ya Juni, hakuna nyingine. Mimi niko likizo ya uzazi kutoka kwa daktari wa meno ninakopokea simu. Kwa hiyo mwenye kupanga ni mimi. "Wewe si una nafasi," aliniambia. Nilikuwa nimembeba Bebis mkono mmoja na poti ya Melpo mkono wa pili.

Jumamosi, 25 Januari

Viti vitatu vya watoto havienei nyuma ya gari letu. Tumejaribu asubuhi nzima uani, kwenye baridi. Ukivipanga viwili, cha tatu kinakaa upande kama mlevi. Jirani alitoka na kahawa yake akasimama kututazama.

"Mnakwenda wapi na timu ya mpira?"

"Vienna," akasema Thrasos.

"Mtafika wakishaota ndevu."

Jumapili, 2 Februari

Kuku. Viazi. Swali.

Jumanne, 11 Februari

Tumefuta Munich. Siku mbili zaidi za gari kwenda na kurudi, na Melpo hutapika tukipita tu mzunguko wa barabara iendayo mji wa Drama. Nilichomoa pini mwenyewe. Thrasos alinishika bega akasema baba asingekasirika. Najua asingekasirika. Mimi ndiye niliyekasirika.

Ijumaa, 14 Februari

Nyumba niliyoipata Budapest iko ghorofa ya tano na haina lifti. Niliyoipata Belgrade haipokei watoto "ili kulinda utulivu wa majirani". Niliyoipata Vienna inapokea watoto, mbwa na farasi nadhani, lakini iko mbali sana hivi kwamba ni kama kulala Slovakia. Bebis anaota jino. Leo ni siku ya wapendanao, naambiwa. Thrasos aliniletea bugatsa, pai ya jibini, kutoka mjini, imepoa, nikaila nimesimama kwenye sinki.

Jumatatu, 3 Machi

Jumatatu Safi, mwanzo wa Kwaresima. Tulikwenda vilimani kurusha tiara na familia yake. Tiara ya Xeni ilinasa kwenye mti na Mzee Lazaros akaungoja mti kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anayemngoja mtu atoke dukani. Hatimaye upepo ukaiachia. Mkwe alinimegea mkate wa bapa akaanza: Kwaresima hii padri habatizi, kwa hiyo tuseme baada ya Pasaka, na tuseme wazi ni jina gani ili aagize zawadi za wageni zenye jina lililotariziwa.

"Litariziwe Bebis," nikasema.

"Cheka, cheka," akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto bila jina hata malaika wake hajui amwite vipi."

Nimechoka na malaika pia.

Alhamisi, 13 Machi

Tumefuta Salzburg. Sikumbuki hata kwa nini. Xeni ana tetekuwanga.

Jumanne, 18 Machi

Melpo naye.

Jumatano, 19 Machi

Lazima niandike ya leo yote, maana nikimsimulia mtu atadhani natania.

Nilimwacha mama yangu na wagonjwa wawili, nikambeba Bebis kwenda polisi kuomba pasipoti yake. Ya Xeni na Melpo tayari. Bila pasipoti hatuingii Serbia, na bila Serbia hakuna Belgrade. Nilikuwa na picha zake, ambazo zilituchukua siku tatu kwa sababu alifumba macho kila mara. Nilikuwa na vyeti vyote. Nilijisikia mtu mwenye akili, mama wa mfano. Nikaketi mbele ya askari, mwanamke wa rika langu, macho mazito kama yangu.

"Jina la mtoto?"

"Bebis," nikasema.

Hakuandika. Aliinua macho polepole. "Dada. Bebis ni cheo, si jina."

Ndipo ikaniingia. Tangu Januari nimepanga safari ya mtu asiye na jina. Nimemtafutia kitanda katika miji sita. Nimepima kiti chake cha gari kwa utepe. Nimeuliza mwenye nyumba wa Vienna kama ana beseni la kumwoshea. Na wakati huo wote, kila Jumapili, mkwe wangu aliniuliza swali moja tu la maana kuhusu safari yangu, nami nikadhani ananichokoza.

"Mimi pia ninaye Bebis nyumbani," akasema yule askari, akicheka kidogo. "Ila wangu hasafiri. Nenda kwa msajili wa vizazi wewe na mumeo, mwandikishe jina, mtie sahihi wote wawili. Au mbatizeni. Kisha rudi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, dada. Hapo ndipo kazi ilipo, eh?"

Bebis alimtapikia mezani. Alifuta kwa karatasi, na nilitamani kumkumbatia.

Jioni nilimwambia Thrasos twende kwa msajili kesho, tuandike Anestis, dakika tano, basi.

"Mama atakufa," akasema.

"Mama yako ameshakufa mara nne tangu tuoane. Kila mara hufufuka kabla ya chakula cha mchana."

"Evdokia, usinifanye nichague."

"Kutochagua nako ni kuchagua, Thrasos."

Akapendekeza majina mawili, Lazaros-Anestis. Akampigia mama yake papo hapo, mbele yangu. Sauti ya mkwe ilitoka kwenye simu kama ya mnadi samaki: "Mafahali wawili hawakai zizi moja!" Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilikubaliana naye. Mwenye majina mawili huitwa moja tu, na tunajua wote lingekuwa lipi.

Ijumaa, 21 Machi

Mkwe alikuja mwenyewe, bila kupiga simu, na sufuria ya kunde. Akawapaka wagonjwa dawa, akakunja nguo zangu zote zilizokuwa kitini, kisha akaketi.

"Nimesikia ya pasipoti," akasema. "Sikiliza, binti yangu. Mwenye haraka ni wewe, mimi siendi popote. Leo hii mkisema Lazaros, nitakwenda kwa padri mimi mwenyewe, atabatiza wiki ya kwanza baada ya Jumapili ya Thoma, ile inayofuata Pasaka. Mtapata pasipoti, mtapata Vienna yenu. Mimi nitawafungia kababu za njiani."

"Na nikisema Anestis?"

"Basi Thrasos hatatia sahihi, namjua mwanangu. Baba yako, Mungu amrehemu, amekwisha kwenda. Mzee wangu bado ana masikio ya kulisikia jina lake likiitwa."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo iliyonikera zaidi. Ameniwekea mizani mezani: upande huu jina la baba, upande ule njia ya baba. Nichukue kimoja. Na akaniachia kunde, ambazo zilikuwa tamu.

Jumapili, 23 Machi

Kumbukumbu ya mwaka wa baba. Mama alipika ngano ya marehemu, akaipamba kwa sukari na lozi, herufi ya kwanza ya jina lake katikati. Padri akasoma majina ya wafu, na katikati yao, haraka haraka, kati ya Stamatia na Despina: Anestis.

Hapo ndipo mahali pekee linapotajwa sasa. Nimelia, nasema wazi. Thrasos alinishika mkono na sikuutoa, lakini sikuukaza pia.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kwa wakwe. Nilisema naumwa kichwa. Kilikuwa kinauma kweli.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Tumefuta Vienna. Thrasos alisema, "Labda tuache mpaka mwakani." Nikamwambia mwakani ndilo neno ambalo baba alilitumia. Imebaki Sofia, Belgrade na Budapest. Ramani imejaa matundu.

Jumamosi, 12 Aprili

Jumamosi ya Lazaro, siku ya jina la Mzee, ambayo kwetu ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa na wageni huja bila kualikwa. Nilikwenda na watoto peke yangu, kwa adabu tu. Thrasos alikuwa kazini, na mkwe alikuwa kanisani akisuka matawi ya kesho, Jumapili ya Matawi.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake sinia kubwa la halua iliyokatwa vipande, vikombe vya kahawa vimepangwa, chupa ya ouzo, pombe yetu kali, na glasi ndogo nyingi. Saa za wageni zilikuwa zimeshapita. Sinia lilikuwa zima. Hakuna kipande kilichoguswa.

"Wamekuja wengi, Baba?" nikauliza, ingawa nilikuwa naona.

"Wengi wako makaburini," akasema. "Stelios alipiga simu. Huyo mwingine naye ametuma ujumbe, yule wa benki ya damu, anayemtumia kila mtu." Akacheka peke yake. "Keti. Kula, la sivyo Polyxeni ataniuliza nimeificha wapi."

Nikala. Xeni akala vinne. Melpo akailamba halua akairudisha kwenye sinia, na Mzee akajifanya hakuona. Miaka minane nimekuwa mkwe katika nyumba hii na sidhani tumewahi kukaa mimi na yeye bila redio. Akamchukua Bebis, akamweka begani, akaanza kutembea naye chumbani.

"Unajua mimi nilisafiri na baba yako?" akasema.

Sikujua. Thrasos naye hakuwahi kuniambia. Nadhani hata yeye hajui.

Alikuwa na miaka ishirini, anakwenda Ujerumani kufanya kazi kwenye kiwanda cha betri, hajawahi kuvuka hata mto wetu wa Strymon. Baada ya Skopje, maana miaka ile ya mwanzo basi lilipita Skopje na Zagreb, akashikwa na homa. Abiria wakaanza kulalamika: ana ugonjwa, ashushwe, tutachelewa, wenye viwanda hawangoji. Baba, naye kijana tu, aliliegesha basi Belgrade karibu na stesheni, akazima injini. Akasema, "Basi hili halina haraka kuliko mgonjwa wake." Akamtia kwenye mkahawa, akamwagizia chai yenye limau, akakaa naye mpaka homa ikashuka. Basi zima likasubiri. Wengine walimtukana baba mpaka Zagreb.

"Ningeshushwa," akasema Mzee, "ningerudi nyumbani na aibu yangu, na nisingekuwa na hiki kiwanda cha betri kinachonilipa pensheni." Akambusu Bebis kisogoni. "Sikumlipa hata ile chai. Nikakuta binti yake ameolewa na mwanangu. Nikaona haya kumwambia."

Tulipoondoka alitufungia nusu ya sinia. Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameketi tena, amevaa koti lile, glasi ndogo zimejipanga mbele yake. Sikupenda nilichokiona. Nimezoea kumwona mzee huyu kama sababu ya ugomvi wangu, si mtu aliyekaa siku nzima akingoja aitwe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, na siku ya jina la baba. Kila Anestis, yaani aliyefufuka, husherehekea leo. Alikuwa akijisifu kwamba nchi nzima inachoma mwanakondoo kwa heshima yake. Uani kwa mama tulikuwa watu wengi mno, majirani, binamu, moshi machoni, mayai mekundu yakigonganishwa, na watu walinyanyua glasi wakamtaja bila mtu kuwakumbusha. Nilikaa nikahesabu moyoni nani ana meza iliyojaa na nani hana.

Nimechoka kuvutana. Si uchovu wa leo. Ni wa miezi.

Jumapili, 27 Aprili

Nilimwita Stergios pembeni. Ndiye aliyetusimamia harusi, ana duka la matairi, na kwa desturi ndiye atakayembatiza mtoto. Padri huuliza jina, yeye hujibu, na likishatoka mdomoni mwake limetoka.

"Utasema Lazaros," nikamwambia.

"Una homa?"

"Sina. Nimechoka. Na Mzee ana sinia limejaa halua."

"Sijaelewa hata kidogo," akasema Stergios, "lakini matairi ni yako, nafunga ninavyoambiwa."

Nilimwambia Thrasos jioni. Akalia, mwanamume mzima, akisema asante, na nikamkasirikia kwa kusema asante. Baada ya hapo nilimhurumia. Naye amevutwa huku na huku kama kamba ya nguo.

Mkwe hatujamwambia. Aagize anachotaka kutarizi. Nadhani aliagiza tangu Machi.

Jumapili, 18 Mei

Ubatizo.

Mkwe alitaka mambo ya zamani: mama haingii kanisani wakati jina linatajwa. Anasimama nje na sarafu mkononi, watoto wanakimbia kumletea jina, na wa kwanza anapewa. Wenzangu wote wa rika langu huingia ndani siku hizi. Sikubishana. Jua lilikuwa kali, viatu vimenibana, maziwa yamejaa. Nilisimama chini ya mnara wa kengele nikingoja kuambiwa jina ambalo nililichagua mwenyewe. Niliupanga uso wangu. Nilijizoeza kutabasamu, kweli kabisa, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

Ndani nikasikia sauti ya padri, kisha kimya, kisha zogo. Sauti za watu wazima. Kisha viatu vinakimbia.

Wa kwanza kutoka alikuwa Melpo, amepita katikati ya miguu ya wote. Akanirukia.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

Akafikiri kwa bidii. "Bebis!"

Nikampa sarafu. Nyuma yake akaja Xeni, kiatu kimoja mkononi, analia kwa kushindwa.

"Sio haki, hajui! Mama, mimi ndiye ninayejua! Ni Anestis!"

"Lazaros," nikamrekebisha.

"Anestis! Babu alipiga kelele!"

Niliingia ndani mbio. Padri Grigoris alikuwa amesimama na kitabu, amekunja uso. Stergios mwekundu kama yai la Pasaka, Bebis mikononi anapiga mateke. Mkwe ameshika shavu. Thrasos mdomo wazi. Na Mzee Lazaros mbele yao, amevaa lile koti la harusi, amemshika Stergios mkono wa shati kana kwamba anamzuia asivuke barabara.

Stergios alinieleza baadaye, akitweta bado. Padri aliuliza, naye akafungua mdomo, akafika "La—", na Mzee akamdaka mkono. "Anestis!" akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Padri akasema jina hulisema msimamizi, si babu. Mzee akamgeukia Stergios: "Basi sema, usinisimamishe, nina magoti." Stergios akasema.

"Lazaros!" Mkwe alikuwa anaita, si kwa hasira, kwa mshangao. "Umefanya nini, mume wangu? Walikuwa wamekubali! Huyu binti mwenyewe alikuwa amekubali!"

"Najua. Stergios hajui kuficha kitu, ameniambia dukani." Akaachia ule mkono wa shati. "Polyxeni, jina langu bado nalitumia. Likiitwa nataka niitike mimi, si nigeuke nikute wanamwita mtoto aje kunywa maziwa."

"Mimi nilikuwa nakupigania wewe!"

"Najua. Umepigana vizuri. Sasa nipiganie nipate kiti."

Watu wakacheka, hata padri, nadhani. Mkwe hakucheka. Nilimwendea Mzee, nikataka kusema kitu, nikabusu mkono wake tu. Akaniambia polepole, karibu na sikio, "Ile chai." Kisha akaenda kukaa.

Wakamzamisha mwanangu majini mara tatu. Alipiga kelele kama dereva anayetaka njia.

Zawadi za wageni zilikuwa zimetariziwa L. Mkwe alizigawa zote, herufi ikiangalia chini.

Jumapili, 25 Mei

Kuku. Viazi. Hakuna swali. Mkwe anamwita mtoto "huyu". Mpe huyu maji. Huyu amelowa. Namhurumia, na nashangaa kujikuta namhurumia.

Jumanne, 3 Juni

Askari yule yule. "Jina?" "Anestis." Akaandika, akatabasamu. "Ulishinda, dada?" Nikamwambia sikushinda mimi.

Jumanne, 10 Juni

Pasipoti imefika. Pichani ametoka amefumba macho, lakini wamekubali. Tumebadilishana gari na Stergios, lake linaenea viti vitatu, lakini linanuka mpira wa matairi.

Jumapili, 15 Juni

Tunaondoka alfajiri, sina nafasi ya kuandika. Mkwe alileta kababu za kulisha jeshi, pai ya jibini, tikiti maji zima, dawa ya kuhara. Akawatemea watoto mate hewani kuwakinga na kijicho, ftu, ftu, ftu, mmoja mmoja. Alipofika kwa wa mwisho akasita, akamfunga kofia vizuri.

"Na wewe, Anestis," akasema, "usimsumbue mama yako."

Mzee alisimama nyuma yake, mikono nyuma.

Jumatatu, 16 Juni. Sofia

Melpo ametapika mara tatu. Kababu zimekwisha.

Jumatano, 18 Juni. Belgrade

Anestis ana homa. Ilianza jana mchana, saa moja baada ya mpaka. Daktari wa hapa, mama mwenye sauti ya kuvuta sigara, alimtazama masikio akasema ni sikio moja, dawa, na asiwekwe garini mpaka homa ishuke. Kesho tulipaswa kulala Budapest. Nyumba ya Budapest, ile niliyoitafuta tangu Februari, hairudishi pesa. Thrasos alisimama dirishani akikunja na kukunjua vidole, akipiga hesabu ya kilomita.

"Tukiondoka usiku, akiwa amelala..." akaanza.

"Hapana."

"Evdokia, ukikosa Budapest umebaki na nini? Miji sita, sasa mmoja na nusu."

Nilitaka kumfokea. Lakini nilimtazama, macho mekundu, shati lina doa la tikiti maji begani, na nikaona anataka kunipa njia ya baba yangu na hajui nimeshafika.

Nilimpigia simu Mzee. Alipokea mwenyewe, redio ilikuwa imezimwa.

"Mmefika wapi?"

"Belgrade, Baba. Tumekwama. Kuna mwenye homa."

"Nani?"

"Anestis."

Nikamsikia akivuta kiti akaketi.

"Basi msubirini," akasema. "Hata wakiwatukana mpaka Zagreb. Mpe chai yenye limau."

"Ana miezi minane, Baba."

"Basi kanywe wewe."

Nilimwachia Thrasos watoto, nikashuka. Karibu na stesheni ya zamani kuna mkahawa. Sijui kama ndio huo, na sikuuliza. Niliketi dirishani nikaagiza chai, na yule msichana akaniletea na kipande cha limau bila kuambiwa. Kwa mara ya kwanza tangu Januari sikuwa na mahali pa kufika.

Nikanywa.